Waya wa Tatu

Dada yangu alikufa akisaga mahindi Usoke, miaka ile vijiji vya ujamaa vilipoanza kupata mashine za umeme wa jenereta. Alikuwa pekupeku, na sakafu ilikuwa imelowa mvua. Aliegemeza mkono kwenye ubavu wa mashine ili aweke debe lake sawa, asiweze tena kuutoa.

Mimi nilikuwa fundi umeme mjini Tabora. Nilipofika walikuwa wameshamzika, na mke mwenzake wameshamfukuza. Wawili hao walikuwa wamegombana juzi yake, naye akasikika akisema dada atakiona. Hiyo ikatosha watu waseme amemroga. Nyumba yake ilichomwa, akaondoka na wanawe kwenda kwao, Lusu.

Nilimwomba shemeji, mume wa dada, twende kwa mwendesha mashine atufungulie. Pale waya ulipoingilia kwenye sanduku la mota hapakuwekwa mpira. Mtikisiko ulikuwa umeukwangua kwenye ukingo wa bati mpaka shaba ikatokeza na kugusa chuma. Nilimweleza kwamba umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Wa tatu hukaa bure ukingoja ajali kama ile. Hapo huupeleka umeme ardhini kwa nguvu mpaka fyuzi iungue na mashine izime. Tuliufuata huo wa tatu hadi nje ya ukuta. Ulikuwa unaning'inia tu, haukufungwa popote. Fyuzi ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa umepitia mwilini mwa dada kufika chini.

Mwendesha mashine akakiri kwamba tangu mvua zianze kinamama walikuwa wakilalamika kuwa mashine inawauma. Aliwaambia wavae ndala.

Shemeji alikaa chini, kwenye pumba.

"Kwa hiyo hakuna aliyemroga?"

"Hakuna, shemeji. Ni waya."

"Na yule nimemfukuza mimi mwenyewe," alisema.

Nilibadilisha waya, nikachimbia fimbo ya chuma ardhini na kuufunga ule wa tatu. Kesho yake watu wakaanza kusaga tena. Sisi tukaenda Lusu.

Kaka wa yule mke mwenza alitupokea uani, akatupa vigoda. Shemeji alisema yote bila kuficha. Kaka akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alisema dada yake amesikia. Kisha akatuonyesha kaburi dogo nyuma ya nyumba. Kitinda mimba wa shemeji na yule mama alishikwa na homa njiani, walipolala nje mvuani, na hakupona.

Shemeji alipiga magoti pale. Mama wa mtoto hakutoka.