Suruali ya Baba Sekela

Tupokigwe, fundi cherehani wa Temeke, hakuhitaji mizani. Akikuzungushia futi kiunoni alishajua unakula nini na unalala saa ngapi. Lakini kusema? Thubutu! Mteja aliyepungua aliambiwa, "Kitambaa hiki kinalegea, mwaya," na gauni likabanwa kimyakimya. Kudhoofika lilikuwa neno la redioni: shilingi imedhoofika, timu imedhoofika. Mtu hadhoofiki bwana, mtu kachoshwa na joto.

Basi mumewe Isack, mpakua mizigo bandarini, mwanamume wa kujisifia kifua, alipoanza kuogelea ndani ya suruali, Tupokigwe alifanya kama kawaida yake. Jumapili, mume akiwa kwaya, aliibana kiunoni. Mwezi uliofuata akaibana tena. Kisha tena.

Wenzake Isack kazini walimsihi aende hospitali. Akarudi nyumbani anacheka. "Eti nimekonda! Wivu tu, Mama Sekela. Suruali si hii hapa, imenikaa kama siku ya kwanza?"

Tupokigwe akacheka naye. Mungu amsamehe.

Asubuhi moja Isack alivaa mkono mmoja wa shati, akapumzika kwanza, akihema, kabla ya kuvaa wa pili. Tupokigwe akamtazama, moyo ukampasuka. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na mke anayemfichia mumewe je?

Akaichukua ile suruali, akashika wembe, akafumua mishono yote mitatu.

"Vaa hii."

Isack akavaa. Suruali ikamporomoka, akaidaka kwa mikono miwili.

"Ya nani hii?"

"Yako. Nimeipunguza mara tatu, wewe hujui. Niliona aibu kukwambia. Umedhoofika, Baba Sekela. Umedhoofika sana, na mie ndiye niliyekuzuia usijue."

Isack aliinama akapapasa alama za sindano kwenye kitambaa, mstari baada ya mstari, hadi ule wa mwisho. Tupokigwe alingoja matusi, na angeyapokea.

"Mara tatu," Isack akasema taratibu. "Ndiyo maana nilikuwa naona wenzangu waongo."

Akakaa kitandani. Baadaye akasema, "Chukua kitenge chako, twende hospitali."

Tupokigwe akajifuta machozi, akatunga uzi haraka ili japo mume asiaibike njiani. Isack akamshika mkono.

"Acha, Mama Sekela. Usibane. Daktari naye aione."