Milima ya Mwalimu

Juzi kwenye Mtaa wa Jules, hapa kwetu Malvern, nilimwona mzee amevaa sketi ya miraba ya Kiskoti, anapuliza zumari lenye mfuko, na hasira zikanipanda.

Nilijikuta darasani tena, kwenye harufu ya chaki na maganda ya machungwa, mwalimu wetu akitufundisha nyimbo za watoto wa Uskoti. Kila alipofika kwenye ule wa milima na ukungu, sauti ilimkatika. Nilidhani amezaliwa huko na amepakumbuka kwao, kama mama yangu na Tanga yake. Basi nikasimama kumliwaza, nikaimba wimbo ambao mama alinibembelezea.

Akapiga meza kwa rula. Mama alipokuja kunichukua, mwalimu akamwambia, "Usimwimbie tena mambo hayo. Utamharibia Kiingereza."

"Sawa, mwalimu," mama akajibu, na hakuimba tena mpaka tukamzika.

Leo najua mwalimu yule alizaliwa hapa hapa Malvern. Uskoti hakuwahi kuikanyaga. Yeye aliruhusiwa kulilia nchi asiyoijua! Mama akanyimwa kulilia alikozaliwa.

Jana binti yangu aliniomba wimbo wa bibi yake. Niliutafuta kichwani wee, nikakuta milima na ukungu tu.