Siku D Ilipohama

Sijisifu bure. Siku ile Makambako ni mimi niliyeokoa kazi ya miaka mitatu, na fundi kutoka Mbeya alikuwepo akishuhudia.

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mwenye lori akitafuta shughuli ya pili. Bosi wangu, Alhaji mwenye malori mawili, alifungua duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na njia panda ya kwenda Njombe. Mimi nilitoka Mlangali na cheti cha kupiga taipu tu. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa ubishi. Kazi zote za wateja nilizihifadhi kwenye D, sehemu ya pili ya diski ya kompyuta baada ya C: kadi za harusi, barua za usharika, na wiki hiyo mitihani ya majaribio ya shule nne. Walimu wangefika saa nane mchana kuichukua.

Asubuhi hiyo fundi aliongeza diski ya pili, maana ya kwanza ilikaribia kujaa. Akawasha kompyuta, akafungua D. Tupu.

"Virusi vimekula," akasema. "Tusafishe diski zote mbili, tuanze upya."

Alhaji akanitazama. "Binti, umefuta?"

"Sijafuta, Mzee." Nilikasirika. Nilijua kazi za watu zikipotea, kesho yake narudi Mlangali kupalilia maharage. Nikamwambia fundi, "Fungua E kwanza."

"E ndiyo diski mpya, dada. Haina kitu."

Mjuaji huyo. Mimi nilikuwa nawaza nyumbani. Kwetu mgeni akiingia, baba humwachia kigoda chake, yeye akahamia kwenye benchi. Ukichungulia mlangoni ukamkuta mgeni kwenye kigoda, husemi baba amekufa. Unatazama kwenye benchi.

Nikashika kipanya mwenyewe, nikafungua E. Kadi za harusi zilikuwemo, barua za usharika, mitihani yote minne, hata ukurasa mmoja haukupungua. Diski mpya ndiyo iliyokuwa imekalia D.

Fundi akakohoa. Akakiri kwamba aliigawa ile diski huko Mbeya kwa namna iliyoifanya iwahi herufi D, sehemu yangu ya zamani ikasukumwa hadi E. Programu zangu zilizoea kutafuta kazi kwenye D, kwa hiyo sikukubali tuiache hivyo. Nikasimama nyuma yake akaigawa upya, na kompyuta ilipowaka tena, mgeni alikuwa E na D imerudi kwa mwenyewe.

Walimu walipofika, mitihani ilikuwa tayari kwenye bahasha.

Alhaji alikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho hakuna mfanyakazi aliyethubutu kukigusa. Akainuka, akakisukuma mpaka mbele ya kompyuta, yeye akaenda kukaa kwenye benchi la wateja.

"Kaa hapa, Mama," akasema, fundi akisikia.

Nikakaa. Kiti kile sikukiachia mpaka nilipofungua duka langu mwenyewe, Mjimwema.