Denelle Aliyekusanya Ndoto za Watu

"Usimsimulie yule mtoto ndoto yako," Bi Eutrice aliniambia, ameegemea ua wetu kwa viwiko vyote viwili. "Anaiandika kwenye karatasi, anaipeleka shuleni, na marehemu wako harudi tena. Muulize Bi Lendore. Tangu amhadithie, mumewe hajamjia."

"Labda mumewe amemchoka."

"Cheka tu, mwanangu. Wewe cheka."

Mtoto anayesemwa ni Denelle, mjukuu wa Bibi Ionie wa nyumba iliyo mlimani, juu yetu. Yuko kidato cha sita, mwaka wa mwisho, anasoma sosholojia, na mwalimu amewataka kila mmoja achague jambo moja la watu wa kwao alichunguze kwa fomu. Wenzake wamechagua simu na utoro. Yeye kachagua ndoto. Hapa Carriacou, kisiwani kwetu Karibi, wafu wetu huomba ndotoni: huyu anataka karamu, yule anataka jiwe la kaburi. Asiyeomba huachwa asubiri hadi aombe. Denelle huuliza nani aliota, alimwota nani, aliombwa nini, na nyumba ile ikafanya nini.

Mimi sikuvuka shule ya msingi, lakini nilimwelewa mapema, kwa kuwa nilimtazama zaidi kuliko nilivyomsikiliza. Mama yake, Verlyn, alifariki miaka minne iliyopita. Kaburi lake halikuwa na jiwe, lilizungushiwa makombe ya baharini tu, na kimbunga kikayazoa. Limebaki tuta, nalo linazidi kushuka kila mvua. Denelle anaondoka Agosti kwenda kwa shangazi yake Brooklyn, na hajui kama akirudi atalipata. Bibi Ionie hakatai jiwe. Husema tu, "Verlyn hajaomba. Nimlazie mtu jiwe kifuani na hajaliomba?"

Ndiyo maana Denelle akimaliza maswali ya kwenye karatasi hufunika kalamu, kisha huuliza moja ambalo halikuandikwa: "Na huyo aliyekujia, alikuja peke yake au na mtu?"

Aliuliza watu ishirini. Hakuna aliyemwona Verlyn.

Kwangu alikuja mwisho, Jumamosi mchana. Nilikuwa nabangua mbaazi, mwanangu Kelon kalala pajani. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, fomu juu ya goti.

"Dada Marva, jina lako siandiki. Wewe ni namba ishirini na moja."

"Hata namba nzuri hukuniwekea."

Alitabasamu kidogo. "Na usinipe jibu la kunifurahisha. Mwalimu anasema mtu hawekewi maneno mdomoni. Nimeshachana fomu ya Mama Compton, alikuwa anatunga."

"Yule hata kanisani anatunga."

Nilikuwa nimekusudia kusema huwa sioti. Kumbe mara tatu tangu Kelon azaliwe, Verlyn amenijia, kila mara mchana, tukiwa tumelala mimi na mtoto. Husimama mlangoni kavaa gauni lake la kijani la kanisani, akamtazama mwanangu. Haingii. Nikiamka, mlango huwa wazi kama nilivyouacha, na mimi huona haya kuufunga. Nilimgeuzia Kelon fulana, ndani ikawa nje, kama tunavyowakinga watoto, nikanyamaza. Mfu anayemtazama mtoto mchanga si habari ya kumpelekea jirani.

Lakini siku ile vidole vya Denelle vilikuwa na wino hadi kwenye kucha, na chini ya macho alikuwa mweusi kama mtu mzima.

"Mama yako," nikasema. "Huja yeye."

Kalamu haikuandika. Nikamwambia yote.

"Nywele zake zikoje?"

"Mikia miwili. Imezungushwa kichwani, ikakutana hapa nyuma."

Mbaazi moja ikadondoka, ikabingirika hadi mguuni pake.

"Nilimsuka mimi," akasema. "Asubuhi ya kumzika. Kisha jeneza likafungwa. Ila bibi, hakuna mwingine aliyeona."

Nikamvuta Kelon karibu na tumbo langu.

"Alisema nini, dada?"

"Hakusema kitu."

"Alionyesha kwa mkono?"

"Hapana."

"Mara ya mwisho, alipokuwa anaondoka, hakugeuka?"

"Denelle, anamtazama mtoto tu. Kama aliyesahau alichokifuata."

Aliniuliza lile lile kwa njia nyingine mbili, kama alivyofundishwa, na jibu langu halikubadilika. Huko juu tulimsikia Bibi Ionie akigongomea turubai la paa lake, anapumzika, anagonga tena. Denelle alisikiliza ile nyundo. Kisha akaikunja fomu mara nne, tupu, akaitia mfukoni mwa sketi.

"Dada Marva, bibi anakuamini. Maneno yako hajawahi kuyatilia shaka." Sauti ilikuwa ndogo, ya kumbembeleza mtoto asiamke. "Twende kwake sasa hivi. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi, gauni na nywele. Halafu mwambie mama ameomba jiwe."