Nilisali dirishani mpaka Mama Elie aliponifuata nje

Wakuu, salamu kutoka Kabambare, Maniema, huku Kongo, ambako mtandao huja ukitaka na kuondoka bila kuaga.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeamua kuandika. Haya yamenipata mwenyewe, na waliokufa ndani yake wamekufa kweli. Wabongo mtanivumilia Kiswahili changu, sisi huku tumekichanganya na Kifaransa.

Nilikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Salamabila. Sikwenda kwa tamaa, kama wahubiri wanavyopenda kusema. Mihogo yetu ilishikwa na ugonjwa na nilikuwa na mke wa kulisha.

Shimo letu nililichimba pamoja na Elie. Huyu alikuwa rafiki yangu tangu utotoni, mtoto pekee wa Mama Elie, mjane jirani yetu.

Asubuhi moja baada ya mvua, ukuta wa shimo ukashuka.

Sitaeleza sana hapo. Mimi nilikuwa karibu na mdomo wa shimo, nikafukiwa hadi kifuani. Wenzetu wa juu walinichimbua kwa mikono wakanivuta. Elie na wengine walikuwa chini zaidi. Walitolewa baadaye, maiti.

Mguu wangu wa kushoto uliungwa vibaya, naukokota hadi leo.

Sasa ishu yenyewe ndiyo inaanza. Machimboni kuna imani kwamba dhahabu hupenda damu. Anayetoka hai peke yake, basi amewauza wenzake. Wale wale walionivuta wakaanza kunikwepa. Hakuna aliyenitukana, na heri wangenitukana. Nikifika wanapokula, ghafla kila mtu ameshiba.

Nikarudi kijijini kwa pikipiki, na kwa barabara ile na mguu ule, acheni tu. Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu.

Mke wangu alivumilia kidogo, kisha ndugu zake wakaja kumchukua, wakampeleka kwao Kasongo. Simlaumu. Au namlaumu, inategemea siku.

Lakini kilichoniua ni Mama Elie. Tulipokutana njia ya kisimani aligeuka akapita porini. Mama huyu alinilisha utotoni, sahani moja na mwanawe. Nilibaki na haja moja tu duniani, mama yule anitazame usoni.

Kuna jambo jingine sikumwambia mtu. Tangu siku ile siwezi kukaa ndani. Nikiwa chini ya paa na watu wamejaa mlangoni, pumzi inakata na nasikia udongo kifuani. Nilikuwa nalala barazani. Watu wakasema hata nyumba imemkataa.

Kanisa letu ni dogo, la matofali ya udongo na mabati. Nimelelewa humo. Nikaanza kwenda tena, ila nilisimama nje, kwenye dirisha.

Hapa lazima mjue desturi yetu. Mtu akitenda dhambi ikajulikana, wazee humsimamisha asishiriki Meza ya Bwana, na siku ya Meza hukaa nje mpaka atubu. Kwa hiyo kila aliyeniona dirishani alielewa kwamba wazee wamenisimamisha, kumbe ni kweli niliuza watu. Wazee nao walidhani nimejisimamisha mwenyewe kwa sababu najua nilichofanya.

Hakuna aliyeuliza. Sisi watu wa kanisa tunapenda sana kuombea jambo ambalo hatujaliuliza.

Nikasali dirishani msimu mzima wa mvua. Nyimbo zilinifikia. Mkate haukunifikia.

Kabla ya Meza, shemasi wetu Kalonda, mzee mwenye sauti kubwa kuliko mwili, huwa anauliza: "Kuna mutu iko na neno na mwenzake? Aende wapatane kwanza, ndipo tukule."

Kwa kawaida watu hutazama miguu yao. Jumapili ile Mama Elie akasimama.

Akatoka mlangoni, akazunguka ukuta kuja upande wangu. Nikajua siku imefika, atanilaani mbele ya watu. Ningekimbia kama si mguu.

Akasimama kando yangu, akashika kizingiti cha dirisha.

"Mutu wa mwisho kuwa na mutoto wangu ni weye," akasema. "Watu wote wananiambia vile alikufa. Miye nataka kujua vile alikuwa ile asubuhi. Alisema nini?"

Wakuu, tangu ajali ile watu walitaka kujua nilitokaje. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza habari za Elie.

Nikamwambia kama ilivyokuwa, habari ya sombe, kisamvu chenu Wabongo. "Mama, alikuwa analalamika. Alisema sombe ya Salamabila haina mafuta, akirudi kwako atakula mpaka mulango umushinde kupita."

Mama Elie akacheka. Akacheka hadi akashika tumbo, na hapo hapo akaanza kulia, na mimi nikalia.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Alipojifuta machozi, ndipo akanitazama usoni. "Na weye, juu ya nini hauingie?"

"Naogopa, Mama. Paa inanikata pumzi."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Akaingiza kichwa dirishani. "Shemasi! Huyu hana kesi. Iko na woga. Muleteni meza hapa."

Kalonda akamtazama mchungaji, mchungaji akaitazama meza. Kisha wakaibeba. Ikakwama kwenye mabenchi, watu wakainuka kupisha, mmoja akakanyagwa akapiga kelele, mpaka ikafika dirishani. Mkate wa Kasongo ulikuwa umekauka njiani, na badala ya divai tulikuwa na chai nyekundu. Nilikula nikiwa nje. Mama Elie alikula nje pamoja nami.

Msidhani mambo yalinyooka. Wapo waliohamia benchi la mbali na dirisha. Mke wangu hakurudi. Lakini tangu siku hiyo, kila Jumapili Mama Elie alisimama nje na mimi. Mvua ikinyesha tulilowa wote wawili, naye alinisema kwamba woga wangu unamletea mafua.

Msimu huu wa mvua homa imemchukua.

Kwetu maiti hashushwi kwa kamba peke yake. Mwana wa marehemu huingia kaburini, akampokea mikononi na kumlaza. Mama Elie hakuwa na mwana mwingine. Watu wa ukoo wakaanza kunong'ona pale juu, "Mutoto wake iko wapi? Nani atamupokea?"

Shemasi Kalonda akaninyooshea kidole. "Mutoto wake ni ule."

Nilisubiri mtu akatae. Kusema kweli, nilitamani mtu akatae. Wote walikuwa wananingoja.

Nikashuka.

Sitawadanganya kwamba Roho alinishukia nikawa simba. Ilikuwa harufu ile ile ya udongo mbichi. Nikampokea Mama Elie, alikuwa mwepesi sana, nikamlaza. Kisha miguu ikagoma. Pumzi ikakata, sikuweza kupanda, na jina nililoita halikuwa la Yesu. Nilimwita Elie.

Mikono ikashuka, mingi. Mkono mmoja nilimjua mwenyewe wake, alikuwa Salamabila siku ile. Alinivuta, kisha akanikwepa. Wakanipandisha mpaka juu. Safari hii hawakuniachia. Walinishika hadi msibani, na yule wa Salamabila akavuta sahani katikati yetu, tukala.

Somo langu ni hili. Nilidhani Mungu akikupokea anaanza kwa kukuponya. Mimi hajaniponya. Mguu ni ule ule, ndoto ni zile zile, na Jumapili iliyopita nilikuwa dirishani tena. Bwana alinipa Mama, na Bwana amemchukua, na sijamaliza kumlilia. Ila nilipofika, Meza ilikuwa pale dirishani imeshawekwa, na safari hii hakuna aliyeomba iwekwe.

Kama kuna mwenzangu humu anayesali akiwa nje, aandike, asijifiche.

Na ninyi mlio ndani, komenti zenu nazihitaji zaidi: yule anayesimama nje ya kanisa lenu, mmeshawahi kumuuliza kwa nini haingii?