Kadi Nyekundu ya Muuguzi Mkuu

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto anatundika kadi nyekundu, "ASILE WALA ASINYWE", kwa madaha ya mtu anayevisha wenzake nishani. Huitundika saa sita usiku, kwa mtoto wa kupasuliwa asubuhi na kwa wa kupasuliwa alasiri, wote sawasawa, maana kuhesabu saa kunamchosha. Daktari wa usingizi alishamletea karatasi inayosema mtoto aruhusiwe maji matupu mpaka zibaki saa mbili apelekwe chumba cha upasuaji. Karatasi haijapotea. Iko mezani kwake, anawekea kikombe cha chai, na maduara ya kahawia yameshameza nusu ya maandishi.

Jana, saa nne asubuhi, binti yangu wa miaka minne, aliyepangiwa saa tisa alasiri, alimwomba maji. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka inachanika. Muuguzi akamwinamia, akainyoosha kadi iliyokuwa imekaa upande, akatoa ile sauti yake ya kubembeleza inayodondoka kama dawa ya macho: "Vumilia, mama. Hata mimi sijatia kitu mdomoni tangu niamke." Mwanangu akamtazama kifuani, akanyoosha mkono, akaokota chembe ya keki kwenye sare yake. Maji yasingemdhuru, ila keki ingemdhuru, kwa hiyo nilimdaka mkono kabla haujafika mdomoni. Muuguzi akajikung'uta kifua taratibu, kisha akanisifu mbele ya wodi nzima kwamba mimi ndiye mzazi anayejua masharti.