Mama Mkwe Aliyengojea Wageni

Mama mkwe wangu alikuwa bingwa wa kutembelea wagonjwa. Hapa Gisenyi mtu akilazwa, watu humiminika na flaski za uji na masufuria yaliyofungwa kwa vitenge, lakini yeye aliwapita wote. Alifika wodini kabla ndugu wa mgonjwa hawajapata pa kukaa, akamimina uji, akanyoosha shuka, akamuuliza daktari maswali ambayo daktari mwenyewe hakuwa amejiuliza. Akirudi nyumbani alitutolea taarifa: fulani ana wageni wengi, fulani ana wachache, maskini. Kwake yeye ugonjwa ulipimwa hivyo. Kulala hospitali bila wageni ilikuwa aibu kubwa kuliko kulala na njaa.

Basi ikaja korona, na pamoja nayo Guma mu Rugo, yaani kila mtu abaki kwake. Mpaka ukafungwa. Mume wangu, mwanawe wa pekee, akakwama Goma, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa amekwenda kikazi. Ni mwendo wa miguu kutoka kwetu, lakini siku hizo ilikuwa ni kama yuko Ulaya. Nikabaki na mama yake, sisi wawili na redio.

Moyo wake ulimsumbua tangu zamani, na dawa za tansiyo, yaani za presha, alikuwa akinywa kila siku. Tulipofungiwa nikaanza kuona mito inapotea. Kwanza ule wa mume wangu, halafu wangu, halafu ile ya kochi. Nilipoingia chumbani kwake nikamkuta ameiegemea yote, amelala huku amekaa. Akasema anapenda kuuona mlango. Kumbe akilala chali hapati pumzi. Miguu nayo ilikuwa imevimba hadi kandambili hazimwingii, na yeye akazilaumu kandambili, kwamba za siku hizi zinatengenezwa ndogo.

Nikamwambia twende hospitali. Mkamwana hamwamuru mama mkwe, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Hakukataa. Alitaka tu kujua kama wageni wanaruhusiwa. Nikapiga simu kuuliza, nikaambiwa kila mgonjwa aje na mtu mmoja wa kumuuguza, wageni hapana.

"Bon, nitangojea wafungue," akasema. "Mi nimewaona watu ya muji huu wote pa hospitali. Sasa mi nilale kule, hata mutu moja asikuje? Watasema sina watu."

Nilijaribu kucheka nikashindwa, maana nilikuwa naogopa. Niliogopa atanifia mikononi, mwanawe yuko ng'ambo. Nikampigia mume wangu aseme neno. Mume wangu ni simba mbele ya kila mtu isipokuwa mama yake. Akaniambia nimwambie mama kwamba yeye amesema aende. Nikafikisha ujumbe. Mama akajibu kwamba mwanawe avuke mpaka pale Grande Barrière aje ayaseme mwenyewe, naye akijua fika kwamba havuki mtu.

Asubuhi moja alikuwa anachagua maharage, akaacha katikati. Mama mkwe wangu haachi kazi katikati. Alikuwa ameinamia ungo, mdomo wazi, anatafuta hewa, na midomo yake imebadilika rangi. Hapo adabu zangu za mkamwana zikaisha. Niliita gari la wagonjwa bila kumuuliza. Gari likiwa njiani nikawapigia majirani nikawaomba jambo moja: kwa kuwa hawawezi kumfuata hospitali, wamsalimie kabla hajafika huko.

Yeye naye, pumzi hana, akanielekeza kwa kidole nimtolee mushanana, lile vazi la harusini. Nilipokuwa namfunga begani akanong'ona kwamba mutu ya korona havai hivi, majirani waone tofauti.

Tulipotoka, mtaa mzima ulikuwa umesimama, kila mtu kwenye lango lake, barakoa usoni. Wengine walikuwa wameinua flaski juu ili azione. Hakuna aliyesogea. Dereva akapunguza mwendo bila kuombwa. Mama, mipira ya oksijeni puani, akapunga mkono kulia na kushoto kama askofu, na nikamwona anawakagua.

"Mwenye duka hakutoka," akaniambia.

Nilimpenda sana saa ile, na pia nilitamani kumfinya.

Daktari alisema moyo umechoka na mapafu yamejaa maji, na kwamba tungechelewa kidogo tu tungempoteza. Walimtibu, maji yakapungua, akaanza kulala kwa mto mmoja. Nguvu zilipomrudia akaanza kuikagua wodi. Vitanda vingi vilikuwa vitupu, vimetandikwa vizuri. Yeye aliijua wodi ile ikiwa imejaa hadi wageni wanapokezana kuingia. Akamwita muuguzi, akamuuliza kwa furaha kama korona imefukuza na ugonjwa wa moyo.

"Wagonjwa iko, mama," muuguzi akasema. "Iko kwao tu. Wanaogopa kuja."

Kisha akataka simu. Akaanza kuwapigia wenzake aliokuwa akikutana nao siku za kuchukua dawa za tansiyo, akiwagombeza kwa pumzi fupi: njooni, vitanda vipo, uji upo, mkamwana wangu atatuuguza sisi wote. Hilo la mwisho hakuwa ameniuliza. Mzee mmoja wa Cyanzarwe alibishana naye sana, lakini kesho yake akaja, akalazwa wodi ya wanaume.

Halafu akampigia mwanamke wa Rugerero, rafiki yake mkubwa katika foleni ile ya dawa. Aliyepokea ni binti wa yule mama. Mimi sikuyasikia maneno ya binti. Nilimsikia mama mkwe wangu akisema pole, akiuliza kama watu walikuja kuzika, akisikiliza jibu, akisema pole tena. Akakata simu akaiweka kifuani.

"Alikuwa anangojea wafungue," akasema. "Mi ndiye nilimuambia tungojee wote, ndio tupate wageni."

Nilimshika mkono, na yeye ambaye hapendi kushikwashikwa akaniachia. Baadaye akanirudishia simu, kwa sababu machozi yalimzuia kuona namba, akasema nimpigie anayefuata.